Mwana Ametoka kwa Baba: Je, Yuko Chini ya Baba?

Swali: "Mimi ni Mlutheri, ninaishi Moshi, mama wa watoto wawili. Hivi karibuni usharika wetu uliandaa semina ya ndoa. Mgeni aliyefundisha alisema kwamba Mwana ni Mungu sawasawa na Baba, lakini tangu milele yuko chini ya mamlaka ya Baba na humtii, na kwamba ndivyo mke anavyopaswa kuwa kwa mumewe: sawa kwa utu, chini kwa nafasi. Nilimsimulia kaka yangu, ambaye siku hizi anajifunza Biblia na watu wanaosema Yesu ni kiumbe wa kwanza wa Mungu. Alicheka, akasema, 'Unaona? Hata walimu wenu wanakubali.' Akanifungulia Yohana 14:28 na 1 Wakorintho 15:28, kisha akaniuliza ni nani aliyezaliwa asiye na mwanzo. Nilikosa la kumjibu. Je, Mwana yuko chini ya Baba au hayuko? Na kama alizaliwa, atakosaje kuwa na mwanzo?"

Jibu:

Umeuliza mambo mawili, dada yangu, na nitaanza na la pili, kwa sababu la kwanza limesimama juu yake. Ila nisikuache ukingoja. Imani ambayo Kanisa limeiungama tangu karne ya 4 ni kwamba Mwana ametoka kwa Baba, wala hayuko chini ya Baba, na kwamba utii tunaousoma katika Injili ni wa Mwana katika hali ya mtumwa aliyoitwaa. Kaka yako na mgeni wa semina hawafundishi jambo moja, na si haki kuwatia katika kapu moja, kwa maana mmoja anamwita Mwana kiumbe na mwingine anamwita Mungu kweli. Hata hivyo wote wawili wamejikwaa kwenye jiwe lilelile: wamesikia "kutoka kwa" wakaelewa "chini ya".

Nimefundisha historia ya Kanisa hapa Arusha kwa miaka mingi, na somo la Arius nilikuwa nalianza kwa kumwuliza mwanafunzi mwenye familia anaitwa baba nani. Mwaka mmoja alinijibu mzee wa kanisa kutoka Old Moshi, tumwite Baba Neema. Nikamwuliza, "Tangu lini?" Akacheka, akataja siku: ilikuwa Jumanne ya masika, barabara ya kwao imekuwa tope, na gari lililombeba mkewe likasukumwa na majirani mpaka kwenye lami. "Na kabla ya Jumanne hiyo?" Akasema kabla ya hapo aliitwa kwa jina lake tu, wala hakuna aliyemwita Baba. Darasa likanyamaza, kwa sababu walikuwa wameshaona ninakoelekea. Kila mwanamume kwetu hulipata jina la baba siku mtoto anapozaliwa, na jina hilo hulipokea kutoka kwa mtoto, si mtoto kutoka kwake. Sasa jiulize kama Mungu naye alikuwa na Jumanne yake, siku ambayo kabla yake alikuwa Mungu tu, na baada yake akawa Baba.

Arius alijibu kwamba ndiyo. Alikuwa padri katika mji wa Aleksandria, Misri, mtu mwenye sifa ya kujinyima na mwenye ufundi wa maneno, na mnamo mwaka 318 alianza kumpinga askofu wake, Aleksanda, aliyefundisha kwamba Baba na Mwana ni wa milele pamoja. Hoja ya Arius ndiyo ya kaka yako: aliyezaliwa ana mwanzo, na mwenye mwanzo hakuwako kabla ya kuanza. Kauli iliyovuma ilikuwa "kulikuwako alipokuwa hayupo". Angalia ujanja uliomo. Hakusema "kulikuwa na wakati alipokuwa hayupo", maana alikubali kwamba nyakati zote ziliumbwa kwa njia ya Mwana, kwa hiyo akaliacha neno "wakati" huku akibaki na maana yake. Athanasius, ambaye wakati ule alikuwa shemasi wa Aleksanda na baadaye akawa askofu mahali pake, alimshika hapo hapo: hiyo "kulikuwako" ni ya nini, kama si wakati?

Kisha Athanasius akasema lile ambalo kwangu ndilo jibu lenyewe. Kama Mwana hakuwako tangu milele, basi Baba hakuwa Baba tangu milele, na Mungu amebadilika kwa kupata kitu ambacho hakuwa nacho. Arius alidhani analinda ukuu wa Mungu mmoja, kumbe amemfanya awe kama Baba Neema, anayengoja tukio ili awe alivyo. Muumba anaweza kuwapo kabla ya viumbe vyake, kwa kuwa kuumba ni tendo la hiari yake. Lakini Baba hawezi kuwapo kabla ya Mwana, kwa kuwa neno "Baba" halitaji kazi aliyoianza siku fulani bali linataja alivyo. Asiyekuwa na Mwana si Baba, na Mungu hajawahi kuwa kitu kingine zaidi ya kuwa Baba.

Ndiyo maana ungamo la imani limetenga vitenzi viwili, kuzaliwa na kuumbwa. Fundi seremala huyo huyo hutengeneza meza na huzaa mtoto. Meza inaweza kuwa nzuri kuliko yeye, lakini haitakuwa mtu kamwe, kwa sababu imetoka katika mbao kwa kazi ya mikono yake. Mtoto, hata akizaliwa kabla ya miezi yake na akilala ndani ya mashine ya joto, ni mtu kamili kwa asili, kwa sababu ametoka kwa mtu. Kuzaliwa hueleza asili moja, na kuumbwa hueleza asili tofauti. Kwetu sisi kuzaliwa huja pamoja na mwanzo, uchungu, mimba na kunyonya, kwa kuwa sisi ni wa nyama na wa wakati. Lakini huwezi kuyachukua yote yaliyo ya mwili wetu ukampelekea Mungu, kama ambavyo hutafuti mama wa Mwana mbinguni. Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya 4, alipobanwa na watu waliotaka aeleze Baba alimzaaje Mwana, alisema kwamba kuzaa kwa Mungu kuheshimiwe kwa kunyamaza. Wengine huona jibu hilo ni kukwepa. Mimi naona alikuwa mkweli: tunajua kwamba Mwana ametoka kwa Baba, na jinsi gani hatukuambiwa.

Wewe ni mtu wa mlimani, kwa hiyo mfano wa chemchemi na mto, ambao Tertullian wa Karthago aliutumia mwanzoni mwa karne ya 3 pamoja na ule wa jua na mwale, utauelewa kupitia mfereji. Maji yanayomwagilia migomba ya Kibosho au Marangu ni yaleyale yaliyotoka msituni juu. Hakuna mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, anayesema kwamba juu kuna maji na kwake kuna nusu maji. Mfano huo unasaidia sana, ila ukiuvuta unakatika. Maji ya mfereji huchelewa kufika, hupungua njiani, na zamu yako ikiisha wazee wa mfereji huyafunga. Tertullian mwenyewe aliuvuta mno, akaandika kwamba Baba ndiye asili yote na Mwana ni sehemu iliyotoka humo, na ushahidi alioutoa ni Yohana 14:28 yako, "Baba ni mkuu kuliko mimi". Kwa hiyo usishangae kaka yako akikuletea maandishi ya walimu wa kale wanaosema kama kwamba Mwana ni mdogo. Yapo. Walikuwa wakitafuta maneno kabla mjadala haujawalazimisha kuyapima, na kumhukumu mtu wa mwaka 213 kwa mizani ya mwaka 381 si uungwana.

Mizani yenyewe ilianza kutengenezwa Nikea, mji ambao leo unaitwa Iznik, nchini Uturuki, mwaka 325, Kaisari Konstantino alipowaita maaskofu. Mapokeo yanasema walikuwa 318. Eusebius wa Kaisaria, aliyekuwamo, anataja zaidi ya 250. Utasikia mara nyingi kwamba hapo ndipo Kaisari alipompigia Yesu kura ya kuwa Mungu. Hilo halikutokea. Hata Arius alimwita Mwana "Mungu" kwa namna yake. Kilichobishaniwa ni maana ya neno hilo. Athanasius anasimulia jambo ambalo ningependa umweleze kaka yako, kwa kuwa najua atasema maneno ya Nikea hayamo katika Biblia. Maaskofu walitaka kwanza kutumia maneno ya Biblia peke yake. Walipopendekeza kwamba Mwana "ametoka kwa Mungu", wenzake Arius walikonyezana na kukubali, kwa sababu vitu vyote vimetoka kwa Mungu, hata panzi. Walipopendekeza "nguvu ya Mungu", wakakonyezana tena, kwa sababu hata nzige wameitwa jeshi na nguvu ya Bwana. Kila neno la Biblia lilipita kwao kama maji katika tenga. Ndipo likatafutwa neno ambalo mtu hawezi kulikonyezea: kwamba Mwana ametoka katika asili ya Baba, na kwamba ni wa asili moja na Baba. Wakatoliki wenzetu huliungama kwa Kiswahili kizuri wanaposema "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Maaskofu wawili kutoka pande za Libya walikataa kutia sahihi, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Arius.

Yaliyofuata yalikuwa vurugu ya zaidi ya miaka 50 ambayo sitakuchosha nayo. Athanasius alifukuzwa mjini mwake mara tano. Mwaka 357 maaskofu waliokutana Sirmium walipiga marufuku neno "asili" kabisa. Na ni mwaka 381, Konstantinopoli, ndipo imani ya Nikea ilipothibitishwa, baada ya kazi kubwa ya maaskofu watatu, Basili, Gregori ndugu yake na Gregori wa Nazianzo. Gregori ndugu yake Basili ametuachia picha ya mji ule ambayo huwa inanichekesha ninapopanda gari la Arusha kwenda Moshi na kukuta mabishano ya dini yameanza kabla hatujafika Usa River. Anasema ukimwuliza mtu akuvunjie fedha, anakuhubiria habari ya aliyezaliwa na asiyezaliwa. Ukiuliza bei ya mkate, unajibiwa kwamba Baba ni mkuu na Mwana yuko chini yake. Ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari, unaambiwa Mwana ameumbwa kutoka katika si kitu.

Sasa tufike kwenye maandiko aliyokufungulia kaka yako. Maneno ya Yohana 14:28, "kwa maana Baba ni mkuu kuliko mimi", mababa wa Kanisa wameyasoma kwa njia mbili, na zote mbili ni za watu walioishika Nikea. Gregori wa Nazianzo na wengine wa Mashariki walisema Baba ni mkuu kwa kuwa ndiye chanzo, na Mwana ni sawa naye kwa kuwa wana asili moja. Ukuu huo ni wa "kutoka kwa" tu, wala hauongezi umungu upande mmoja na kuupunguza upande wa pili. Augustino, na Wamagharibi wengi baada yake, walisema anayenena hapo ni Mwana aliyetwaa mwili, ambaye katika hali hiyo ni mdogo kuliko Baba, na hata kuliko yeye mwenyewe alivyo katika umungu. Mimi naegemea kwa Augustino kwa sababu ya sentensi inayotangulia: "Kama mngalinipenda, mngalifurahi kwa sababu naenda kwa Baba." Anayekwenda ni yule aliyeshuka, na wanafunzi wanaambiwa wafurahi kwa kuwa anaiacha hali ya unyonge anarudi penye utukufu. Hiyo ndiyo lugha ya Ungamo la Athanasius, ambalo wewe kama Mlutheri umelirithi katika Kitabu cha Makubaliano cha mwaka 1580, mkusanyo wa maungamo ya Kilutheri: sawa na Baba kwa umungu wake, mdogo kuliko Baba kwa ubinadamu wake. Mgeni wenu wa semina, kama ni Mlutheri, amefungwa na ungamo hilo. Nafasi ya tatu, ya kuwa mdogo kwa mamlaka ndani ya umungu wenyewe, haimo humo.

Kuna watu wanaokimbia kosa hili na kuangukia lile la upande wa pili, wakisema Baba ndiye Mwana na Mwana ndiye Baba, majina mawili ya mmoja. Wasome tu Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja", na wasiisome kama nilivyowahi kumsikia kijana mmoja wa kipaimara akiisoma, amepumzika baada ya "tu" kana kwamba maana yake ni "peke yetu". Hiyo "tu" ni ya "sisi tu", ni wingi. Na "umoja" ni neno la kitu kimoja, si la mtu mmoja. Tertullian aliyaona yote mawili katika Kilatini, na Kiswahili cha Biblia yetu kimeyahifadhi.

Narudi kwenye utii, maana ndipo swali lako la kwanza linapouma. Hoja ya mgeni wenu ni kwamba Mwana humtii Baba kwa sababu ni Mwana, na kwa kuwa ni Mwana milele, humtii milele. Inavutia masikioni mwa watu wa kwetu, ambao tumelelewa kwamba mwana mwema ni yule anayetumwa akaenda bila kunung'unika. Lakini fungua Waebrania 5:8: "na, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata." Ningekuomba uliwekee kidole neno "ingawa". Mwandishi hakusema "kwa kuwa ni Mwana alitii". Amesema "ingawa", kama mtu anayesema "ingawa ni mwenye nyumba, alilala sebuleni", na neno hilo halina maana yoyote isipokuwa kwamba utii haukuwa mali ya cheo chake cha Mwana, bali ulikuwa jambo la kushangaza kwa mwenye cheo hicho. Tena alijifunza, na kama angekuwa anatii tangu milele, asingekuwa na la kujifunza. Paulo anakubaliana naye katika Wafilipi 2: aliyekuwa na namna ya Mungu akatwaa namna ya mtumwa, na alipoonekana ana umbo kama mwanadamu, "alijinyenyekeza akawa mtii". Akawa. Kitenzi hicho kina kabla na baada.

Zaidi ya hayo, kutii kunahitaji mapenzi mawili: la anayeamuru na la anayekubali. Kanisa limeungama kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wana mapenzi mamoja, kwa kuwa mapenzi hufuata asili na asili ni moja. Gethsemane, Yesu aliposema "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", alinena kwa mapenzi yake ya kibinadamu, ambayo ni ya kweli, na ambayo yaliogopa kifo kama yetu yanavyoogopa. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 680 hadi 681 ulikaa juu ya jambo hilo hilo. Ukiyapandisha maneno ya Gethsemane mpaka ndani ya umungu, umempa Baba mapenzi yake na Mwana yake, na hapo utakuwa na kazi kumweleza Mwislamu wa jirani kwamba huamini miungu miwili.

Utaniuliza, na kutumwa je? Baba amemtuma Mwana, na mtumaji si mkubwa kuliko aliyetumwa? Mfikirie mshenga. Familia inapokwenda kuposa haimtumi mtoto, humtafuta mtu mwenye heshima, na mara nyingi huwa ni mkubwa kwa umri kuliko baba anayemtuma. Kutumwa kunaeleza ametoka kwa nani na anasema kwa niaba ya nani. Najua Yohana 13:16 inasema mtume si mkuu kuliko yeye aliyempeleka. Lakini "si mkuu kuliko" haijawa "ni mdogo kuliko", na mstari huo unanena juu ya wanafunzi waliotakiwa kuoshana miguu. Mshenga, bila shaka, ana mapenzi yake na anaweza kukataa safari, kwa hiyo mfano huo nao uishie hapo.

Kuhusu 1 Wakorintho 15:28, kwamba Mwana naye atatiishwa chini yake yeye aliyemtiishia vitu vyote, isome kuanzia mstari wa 21. Paulo anamzungumzia Kristo kama mtu wa pili baada ya Adamu, na katika mstari wa 27 ananukuu Zaburi ya 8, zaburi inayouliza mwanadamu ni kitu gani hata Mungu amkumbuke. Anayetiishwa mwishoni ni Kristo pamoja na mwili wake, yaani wanadamu aliowakomboa, akiwafikisha kwa Baba. Marcellus wa Ankira, askofu wa karne ya 4, aliwahi kuusoma mstari huo kana kwamba ufalme wa Mwana una ukomo, na ndiyo maana katika imani ya mwaka 381 tunaungama kwamba ufalme wake hautakuwa na mwisho. Kaka yako akisema mstari unaonyesha Mwana ni mdogo milele, akumbuke kwamba kwa mujibu wake kutiishwa huko hakujatokea bado, ni "ndipo". Kitu ambacho kitaanza siku ya mwisho hakiwezi kuwa ndiyo hali yake tangu milele.

Semina ya ndoa ina mstari wake, 1 Wakorintho 11:3, "na kichwa cha Kristo ni Mungu". Fundisho mlilopewa lina historia fupi. Limeenezwa hasa na waalimu wa Kiinjili wa Marekani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, akiwamo Wayne Grudem na Bruce Ware, watu wanaoungama kwa moyo kwamba Mwana ni Mungu. Na mwaka 2016 waliobishana nao vikali zaidi walikuwa wenzao, wakiwamo watu wanaokubaliana nao kabisa juu ya nafasi ya mume nyumbani. Hilo linaonyesha kwamba ubishi haukuwa juu ya ndoa. Mtu anaweza kufundisha kutoka Waefeso 5 kwamba mke amtii mume, na mtu mwingine akafundisha vingine, na wote wawili wakaiacha Utatu ilivyo. Yohana Krisostomo, alipohubiri juu ya mstari huu wa kichwa huko Antiokia katika karne ya 4, tayari alikuwa na watu waliouchukua kumshusha Mwana, na jibu lake lilikuwa kwamba kama Paulo angetaka kuonyesha utawala na kutawaliwa, angetumia mfano wa bwana na mtumwa, si wa mke, aliye huru na mwenye heshima sawa. Krisostomo hakuwa mtetezi wa wanawake kwa kipimo chochote cha leo. Mahali pengine katika hotuba hiyo hiyo anamweka mke chini ya mume bila kusita. Lakini aliona hatari ya kuipeleka nyumba ya mtu mbinguni na kumpima Mwana kwa mambo ya jikoni na sebuleni. Kama mume wako atakuuliza semina ilikuwaje, mwambie mambo ya ndoa mtayajadili, ila mfano ulikuwa mbovu.

Ukiyashinda haya, kaka yako atakuja na Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote", kwa kuwa baada ya Yohana 14 ndiyo mahali wanapokimbilia. Mkumbushe Zaburi ya 89, ambapo Mungu anasema juu ya Daudi, "Nami nitamjalia kuwa mzaliwa wangu wa kwanza". Daudi alikuwa kitinda mimba wa Yese, mtoto wa nane, aliyeachwa malishoni Samweli alipokuja. Kwa Wachaga halihitaji maelezo marefu, maana kwenu kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya baba, na hakuna anayedhani urithi huo unafuata tarehe ya kuzaliwa. Mzaliwa wa kwanza katika lugha ya Biblia ni mwenye haki ya urithi, na Paulo anaeleza kwa nini Kristo anayo: kwa kuwa katika yeye vitu vyote viliumbwa. Asingeweza kuwa mmoja wa hivyo vitu vyote. Huenda pia akakuletea Mithali 8:22 katika tafsiri inayosema "aliniumba", wakati Biblia yako inasema "BWANA alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake". Tafsiri ya kale ya Kigiriki ilisema "aliniumba", na mstari huo uliwatesa watu wa Nikea kwa miaka mingi. Usibishane naye hapo, kwa kuwa mashairi ya hekima si mahali pa kuamulia jambo hili.

Kaeni badala yake kwenye Yohana 5, tangu mstari wa 18 hadi wa 30, msome kwa sauti, yeye mstari mmoja na wewe mstari mmoja. Yote yamo humo. Kuna "kutoka kwa": Baba amempa Mwana kuwa na uzima nafsini mwake, uzima uleule ambao Baba anao nafsini mwake, na uzima wa namna hiyo hapewi kiumbe, kwa kuwa kiumbe huishi kwa kushikiliwa. Kuna maneno ambayo kaka yako ameyapigia mstari, kwamba Mwana hawezi kutenda neno mwenyewe; na kuna nusu ya pili ya sentensi hiyo hiyo, ambayo huenda hakuipigia mstari, kwamba yote ayatendayo Baba, ndiyo ayatendayo Mwana vilevile. Mkifika mstari wa 23 msiharakishe. Unasema watu wote wamheshimu Mwana "kama vile wanavyomheshimu Baba". Mwulize kwa upole yeye humheshimu Baba kwa kiasi gani, kisha mwache alisome tena lile "kama vile".